Lindo lisilopokewa: kisa cha binti anayemuuguza baba yake Bombo

Jioni moja ya Mei 2023, yapata saa kumi na moja, binti mmoja wa hapa Bombo alimlisha baba yake uji, akamfuta mdomo, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda kukaa kwenye steji ya bodaboda kando ya barabara ya Gulu. Hakupanda pikipiki wala gari. Alikaa kwenye benchi la madereva mpaka saa nne usiku, simu ameizima. Majirani walimsikia mzee akigonga ukuta kwa mkono wake mmoja mzima. Walipovunja kufuli walimkuta sakafuni, ameloa, ila hajaumia sana. Usiku ule mtaa mzima ulikuwa na swali moja: alikwenda wapi? Wapo waliosema ana mwanamume. Wapo waliosema ana jini. Aliporudi na kusema alikuwa amekaa tu, hakuna aliyemwamini.

Niliitwa kesho yake na jirani anayeijua kazi yangu. Najitolea kuendesha vikundi vya mazungumzo kwa watu waliolemewa na huzuni, na kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, hao tunaowaita VHT. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya binti mwenyewe na ya kaka zake. Majina sitaji, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha mtu nimeyageuza. Nitamwita Binti, kwa kuwa hata mtaani anaitwa hivyo, binti wa Afande, ingawa ana miaka 36.

Kwa wasioijua Bombo, ni mji wa kambi ya jeshi katika wilaya ya Luweero, Uganda, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Gulu. Wanubi tupo hapa tangu enzi za mkoloni, na jeshi vilevile, ndiyo maana Kiswahili chetu hakikungoja kuletwa na vitabu vya shule. Hili silitaji kwa pambo. Kambi na Kiswahili chake vitarudi mbele ya safari.

Jinsi Binti alivyopewa zamu

Afande alipigwa na kiharusi Oktoba 2021, akiwa na miaka 74. Upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakaenda nao. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio huo huo unaotunza lugha, hivyo damu ikikwama huko mtu anaweza kupoteza vyote kwa mkupuo. Alilazwa wiki tatu. Aliyewahi kulaza mgonjwa katika wodi zetu anajua utaratibu: muuguzi ni wa sindano na dawa, na kuosha, kulisha, kufua na kukimbilia duka la dawa ni kazi ya aliyekuja na mgonjwa, yule anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Siku ya kuruhusiwa, Binti alipewa vidonge vya presha na neno moja, "mgeuzeni". Amgeuze vipi, mara ngapi, akishika wapi, hakuna aliyemwonyesha.

Kwa nini yeye? Watoto ni wanne. Kaka mkubwa ana gereji Kampala. Wa pili ni dereva wa malori ya Juba. Dada yao ameolewa Arua, ana watoto watano. Binti alikuwa mwalimu wa chekechea, na shule za chekechea zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona. "Wewe huna kazi kwa sasa," kaka mkubwa alimwambia, na siku ile lilikuwa neno la kweli. Januari 2022 shule zikafunguliwa. Mwalimu mkuu akampigia simu mara mbili. Hakuna aliyekaa tena kuhesabu upya. Yale maneno "kwa sasa" yalidondoka njiani, yakabaki "wewe huna kazi".

Nimeona nyumba nyingi zikimteua muuguzaji namna hii. Kikao hakifanyiki. Anayekuwa karibu siku ya msiba ndiye anayebaki nao, na asipokuwa na mume au mshahara wa kumtetea, hatoki tena.

Nilipofika ilikuwa miezi 19. Saa kumi alfajiri anaamka kumgeuza mzee, kisha kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Uji lazima uwe mzito, maana maji matupu yanampalia, na akishakula abaki ameketi nusu saa. Kuna nguo na mashuka ya kufua kila siku, kwa sababu pampas za watu wazima ni ghali, zinawekwa kwa siku ya kwenda kliniki tu. Alasiri anasuka vikapu vya rangi, zile kazi za mikono za wanawake wa Kinubi, na pesa yake ndiyo inayonunua sabuni. Pesa ya wazee ya serikali, SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilikuwa inaanzia miaka 80, na Afande alikuwa hajafika. Kiuno cha Binti kilikuwa kimekwisha. Alikuwa anamfokea mzee kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini, kisha analia jikoni.

Tulivyokosea

Nasema tulikosea kwa sababu na mimi nimo.

Walianza wazee wa mtaa. Walimjia na habari za subira na radhi ya mzazi. Hakuna neno walilosema lisilokuwa kweli, na kila neno lilimwongezea uzito, kwa kuwa sasa hata kuchoka kulikuwa kunampunguzia thawabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walitoka pale wamepumua wao.

Majirani walisema, "Ukihitaji chochote, tuite." Neno hili nimelisema mwenyewe mara nyingi na sasa nalikwepa. Linamwachia aliyechoka kazi nyingine tatu: ajue anahitaji nini, achague wa kumwomba, na avumilie siku ya kunyimwa. Kwa miezi 19 Binti aliita mara mbili. Mara ya pili aliambiwa, "Leo ungesema mapema."

Kisha nikaja mimi na karatasi. Kuna kipimo cha Zarit, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1980 kwa ajili ya watu wanaowalea wazee waliopoteza kumbukumbu. Kwa sasa kina maswali 22, kila jibu lina alama 0 hadi 4, na juu kabisa ni 88. Binti alipata 63, yaani amelemewa vibaya. Nilimuuliza pia yale maswali tisa ya sonona yanayohusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai. Nikamuuliza waziwazi kama amewahi kutaka kujiua. Wapo wanaoliogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi wazo. Linampa ruhusa ya kusema lililokuwa ndani.

Akasema hapana, si kujiua. Lakini kwenye sujudu ya alfajiri huwa anamwomba Mungu amchukue baba. Akimaliza kuswali anakwenda kusikiliza kama mzee bado anapumua, anaogopa dua imekubaliwa. Nilimweleza kwamba kumwombea mtu mateso yaishe ni jambo moja na kutaka kumdhuru ni jambo jingine, na kwamba sijakutana na muuguzaji wa muda mrefu ambaye wazo hilo halijampitia. Aliniangalia kana kwamba nimemtajia siri ya nyumba yake. Hata hivyo nilimpeleka kwa mhudumu wa afya ya akili kwenye kituo cha afya cha daraja la IV, kwa sababu kusikiliza kwangu si uchunguzi. Aliona hakuna haja ya Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili, wala ya dawa kwa wakati ule. Akamtaka arudi baada ya wiki mbili, na akarudi.

Mpaka hapo sikuona kosa. Kosa langu lilikuja na mapumziko.

Nilisema: huyu anahitaji kupumzika, basi apumzishwe. Nikampata bibi mmoja jirani, haboba kama tunavyowaita hapa, mwenye mikono ya kazi. Miaka ya UKIMWI ilipotupiga aliuguza wadogo zake wawili mpaka mwisho. Kizazi chake hakikufundishwa kuuguza kwa zamu na mtu wa nje. Walijifunza kwa kuzikana. TASO, shirika la kuwahudumia wenye UKIMWI, lilipoanzishwa mwaka 1987, hakuna aliyehitaji kumweleza haboba maana ya kumhudumia mtu nyumbani. Alikubali kukaa na Afande kila Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa sita nzima za mapumziko kila wiki! Nilijipongeza.

Alhamisi ya kwanza Binti alikwenda sokoni akarudi baada ya saa moja. Ya pili alilala kwenye chumba cha nyuma, hakupata usingizi. Ya tatu nilimkuta anafua mashuka, haboba amekaa barazani anakunywa chai peke yake. Nikampima tena kwa karatasi yangu. 64. Haboba aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto humpumzishi. Unamsogeza tu."

Saa yenyewe

Niliacha kuuliza amechoka kiasi gani, nikamuuliza siku yake, saa kwa saa, kama anavyoulizwa mtu njia ya kwenda kwake. Saa kumi? Namgeuza. Saa kumi na moja? Naswali, nawasha moto. Saa kumi na mbili? Kimya. Kisha akasema, "Saa kumi na mbili ndiyo hiyo."

Hiyo ndiyo saa anayomwosha.

Nanukuu alichosema kwa sababu kisa chote kimo humo: "Kila asubuhi namvua baba yangu nguo. Yeye anafumba macho, na mimi naangalia dirishani. Nikimaliza hatutazamani mpaka jioni."

Sheikh alikuwa amekwisha kumwambia kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa na kwamba hana dhambi. Alishukuru. Lakini ruhusa haikuwa ndiyo shida yake. Baba huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuonekana na watoto bila kanzu au sare. Kukohoa kwake kabla ya kuingia ndani kulikuwa kunawapa mabinti nafasi ya kujifunika. Sasa binti yule yule anamgeuza na kumpangusa. Mara nyingi mzee alilia wakati wa kuoshwa. Mara nyingine alitukana, matusi mazito ya kambini, kwa sauti iliyo wazi kabisa, mtu ambaye hawezi kulitaja jina la mwanawe. Binti aliamini kwamba hayo ndiyo yaliyomo moyoni mwake, kwamba kiharusi kimeondoa adabu na kuacha chuki.

Hapa kidogo nilichojua kilisaidia kuliko fadhila zangu zote za Alhamisi. Kiharusi kinapochukua lugha, mara nyingi huacha maneno yaliyokwisha kuwa mazoea ya ulimi: kuhesabu, dua, salamu, nyimbo, na matusi. Haya hayatungwi upya kila yanaposemwa, kwa hiyo huchomoka pale ambapo sentensi ya kawaida imekwama. Anayetaka kusema "naona aibu, niache" anaweza kufungua kinywa na kikatoka kilichokuwa karibu. Tena kilio na kicheko huweza kutoka bila kipimo baada ya ubongo kuumia. Nilimuuliza Binti mzee anaweza kusema nini kingine. Akafikiri. "Alhamdu anaimaliza yote. Na 'ndiyo afande'." Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu nimjue, kisha kicheko kikageuka.

Sasa nilielewa kwa nini Alhamisi zangu hazikuzaa kitu. Haboba alikuja saa tatu, saa nzito imekwisha kupita. Angekuja saa kumi na mbili isingekuwa nafuu pia, maana ni mwanamke, na Afande alikuwa amekwisha kumsukuma kwa mkono wake mzima alipojaribu kumbadilisha. Nilikuwa nimempa Binti saa sita asizozihitaji na kumwachia ile moja iliyokuwa inamla. Zile karatasi hazikunisaidia kuiona. Zarit ana swali juu ya kuona aibu kwa tabia za mgonjwa. Hana swali juu ya aibu ya watu wawili wanaopendana ndani ya chumba kilichofungwa.

Na ile jioni ya steji? Nilimuuliza tena, sasa bila kumhoji. Alisema asubuhi ile mzee alikuwa amejisaidia kitandani mara tatu. Mara ya tatu Binti alimpiga kofi begani. Si kwa nguvu. Jioni aliondoka kwa sababu alijiogopa.

Kikao

Kaka mkubwa alikuja Jumapili. Dereva wa Juba alikuwepo kwa bahati. Dada wa Arua alisikiliza kwa simu iliyowekwa katikati ya mkeka. Shangazi yao, dada wa Afande, ndiye aliyekalia kiti cha pekee. Nilimwomba Binti anipe ruhusa ya kusema habari ya kuoshwa, akasema, "Sema wewe, mimi nitakuwa jikoni."

Nilisema. Kaka mkubwa akaangalia chini. Dereva akasema hilo haliwezi, yeye hawezi kumwona baba katika hali hiyo, akiingia tu chumbani miguu inalegea, yuko tayari kutoa pesa. Niliona kikao kinaelekea kwenye bahasha, kama vikao vyote. Ndipo shangazi akauliza, taratibu kabisa, "Siku akifa nani atamwosha?"

Wakasema wao, wanaume wa familia, bila shaka.

"Siku hiyo mtagombania nani ashike maji. Leo yuko hai, anawaona, mnamwachia mtoto wa kike. Mnamngoja asiwaone?"

Sijawahi kuwa na swali zuri kama lile katika kazi yangu. Hata hivyo halikumgeuza dereva siku ile. Alitoka nje akavuta sigara. Kilichopatikana kwenye kikao kilikuwa pesa na jina la mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa askari mstaafu aliyewahi kutumika chini ya Afande kikosini, sasa anaendesha boda pale pale steji. Yeye ndiye aliyemwona Binti usiku ule, akampa koti lake, hakumuuliza neno. Tulipomweleza shida hakushangaa. "Mlinzi asiyepokewa atalala kwenye lindo," alisema. "Jeshini wanamwadhibu, lakini kosa ni la aliyepanga zamu."

Tulikubaliana shilingi 5,000 kwa asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa moja, kabla hajaanza kubeba abiria. Kwa mwezi ni 150,000: kaka mkubwa atoe 100,000, dereva 50,000, zitumwe kwa simu moja kwa moja kwa askari, zisipitie kwa Binti. Hilo la mwisho nalisisitiza. Pesa ikipitia kwa muuguzaji, siku isipotosha ataikata yeye, na zamu itarudi kwake.

Nilimfundisha kwa siku nne. Anza na uso, malizia na sehemu za siri, na kila wakati funika kwa shuka kila usichokiosha. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega litatoka. Mkunje goti, mshike nyonga na bega, mgeuze mzima mzima. Tazama mkia wa mgongo, nyonga na visigino: penye wekundu, au weusi uliozidi, usioondoka ukibonyeza kwa kidole, ndipo kidonda cha kulalia kinapoanzia. Alikuta kimoja kimeanza kwenye kisigino cha kulia. Binti alikuwa hajakiona kwa sababu, kama alivyosema, alikuwa anaangalia dirishani.

Asubuhi ya kwanza nilikuwepo. Yule askari alisimama mlangoni, visigino pamoja, akapiga saluti. "Afande, naomba ruhusa kuingia."

Mzee akageuza kichwa. "Ndiyo afande."

Hakulia siku ile. Hakutukana. Nusu saa baadaye alitolewa barazani amevaa kanzu safi, na Binti akamletea chai. Akamtazama. Sitaki kukuza mambo. Hata siku za mbele mzee alitukana tena, mara nyingi tu, na askari alimjibu kwa matusi ya kikosi chao mpaka wote wawili wakacheka. Lakini tangu asubuhi ile Binti hakumwosha tena baba yake.

Nikampa saa moja kwa siku, na usingizi ukarudi ndani ya wiki tatu. Zile Alhamisi za haboba, zilizokuwa hazina maana, zikaanza kutumika. Alikwenda hata shuleni kusalimia walimu.

Kikundi

Mwili ulikuwa umepumzika kidogo, ila Binti alikuwa bado mzito. Nilimkaribisha kwenye kikundi cha Jumatano baada ya swala ya alasiri: wanawake sita pamoja naye, wawili wanauguza waume, mmoja ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mmoja mama yake anasahau mpaka njia ya chooni, mmoja dada yake ana saratani. Tunakaa mkekani chini ya mwembe, na kwa kuwa nusu yao wanasuka, nikaacha wasuke. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo huwa mwepesi.

Njia tunayofuata ina historia hapa hapa Uganda. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambako watu wa kawaida waliofunzwa waliendesha vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Vijiji vilivyopata vikundi vilipata nafuu kubwa kuliko vile visivyopata. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wenyeji huzuni hii wanaiitaje, na moja ya majibu ilikuwa okwekyawa, kujichukia. StrongMinds, shirika lililoanzishwa mwaka 2013, lilifanya kazi nchini kwa njia hiyo hiyo, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2016. Humo mna milango minne ambayo huzuni huingilia: msiba, ugomvi, maisha kubadilika, na upweke. Kila mtu anatafuta wake, kikundi kinamsaidia kupanga jambo moja la kufanya wiki hiyo.

Nilidhani mlango wa Binti ni maisha kubadilika: kazi, mshahara, darasa la watoto. Wenzake walimwona vingine. Yule mwenye mama anayesahau alimwambia, "Wewe unafiwa. Ila baba yako yuko hai, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukaa nawe matanga." Tulikaa kimya. Mtu akifiwa Bombo, majirani hulala kwake, hupika, hukumbusha mazuri ya marehemu. Aliyempoteza baba kwa kiharusi hana siku hata moja ya namna hiyo. Wiki iliyofuata kila mmoja alileta habari moja ya mgonjwa wake kabla hajaugua. Binti alieleza jinsi Afande alivyomfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa kambi, akimhesabia kushoto kulia kama kuruta.

Tuna sheria moja tuliyoitunga wenyewe: hatuanzi mpaka kila mtu ataje mgonjwa wake ameachwa na nani. Mwanzoni wawili walikuwa wanakosa kila wiki kwa ajili ya swali hilo. Kisha ikawa swali lenyewe linawasukuma kutafuta mtu, na wakaanza kuachiana wagonjwa wao kwa wao. Mwanamke mmoja alitutoka; mumewe aliona tunamsengenya, na kwa kweli siku mbili tatu tulikuwa tunamsengenya.

Yaliyobaki

Agosti 2023 Binti alipata 41 kwenye Zarit. Desemba ilipanda hadi 50, kwa sababu pesa ya kaka mkubwa ilichelewa wiki mbili na askari, mwenye watoto wa kulisha, akarudi steji. Tofauti ni kwamba safari hii hakufunga mlango kwa kufuli. Alimpigia kaka yake simu, akamwambia kesho saa kumi na mbili awe Bombo, ama yeye ama pesa. Pesa ilifika usiku ule.

Usiku bado ni wake peke yake. Godoro la kupunguza mgandamizo lingepunguza kuamka, lakini bei yake hatujaiweza. Kiuno hakijapona. Shule haikumngoja. Kuhusu lile kofi, nilimuuliza baada ya miezi kadhaa kama limerudiwa, naye akajibu hapana. Namwamini, na bado naangalia mabega ya mzee kila nikienda.

Machi 2024 askari alipata kazi ya ulinzi Gulu, akaaga. Nilijiandaa kuanza upya kutafuta. Jumamosi iliyofuata dereva wa Juba alifika bila kuitwa. Binti alinisimulia baadaye: siku ya kwanza alitapika nje, siku ya pili aliosha miguu tu, ya tatu akamaliza. Asipokuwepo, mpwa wao wa kiume aliyemaliza shule anashika zamu kwa ile 5,000.

Nilipita pale Juni, Jumamosi asubuhi. Dereva alikuwa barazani anamnyoa baba yake ndevu kwa wembe, ulimi ameutoa nje kidogo kwa umakini, mzee ametulia kama mtoto wa kinyozi. Nikauliza Binti yuko wapi.

"Sijui," alisema bila kuinua macho. "Ametoka. Amesema atarudi alasiri."